Nguo Iliyokauka Kabla ya Rangi

Vijana mliobaki kwenye banda la rangi, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa yale yasiyomo kwenye daftari la vipimo. Nilicheka nikasema, mwandishi gani mimi, mtu wa ndoo na sabuni. Sasa hii ni wiki ya tatu nimekaa chumbani peke yangu, sina wa kumchanganyia rangi wala wa kumgombeza, na kalamu ipo. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayetaka kuvijua aende ofisini. Nitaandika juu ya maji, jua na pamba, na juu ya jibu fupi nililompa mtu aliyenifundisha kazi, jibu ambalo lilimwondoa kazini yeye badala yangu.

Mimi nilianza kama dobi. Baba yangu alikuwa dobi Kilwa Kivinje, nami nilifua na kupiga pasi nguo za maofisa wa Kilwa Masoko tangu wakati wa Mwingereza mpaka bendera ilipobadilika. Dobi ana sheria moja kubwa kuliko zote: nguo hailali mbichi. Ikilala mbichi hunuka uvundo, hupata madoa ya ukungu, na mwenye nguo hukutangaza mji mzima. Baba alinichapa mara moja tu kwa jambo la kazi, na lilikuwa hilo. Nilikuwa na miaka minane, nilisahau kanzu ya imamu ndani ya beseni.

Mwaka uliofuata Uhuru, ushirika ulifungua banda la kutia rangi nguo pale Lindi mjini. Walitaka mtu anayejua kufua kwa wingi, nikaenda. Mke wangu, mzaliwa wa Songo Mnara, alisema hawezi kukaa mji ambako hana ndugu. Nikamwambia nitakuja kumchukua nikipata nyumba ya maana. Nyumba ya maana haikupatikana. Baada ya miaka miwili alinitumia mjomba wake kuomba talaka kwa heshima, nami nikaitoa kwa heshima. Sikuoa tena. Watu wameniuliza sababu mpaka wamechoka.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuposa. Ndani ya banda palikuwa na moshi wa kuni, mapipa manne, tangi la saruji, na mzee mfupi mwenye kucha za buluu. Huyo ndiye Mzee Nampunga, Mmwera, nyumbani kwao upande wa Mingoyo. Rangi aliijua tangu ujana, alipokuwa akimfanyia kazi Mhindi mmoja aliyeuza kaniki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa Kilwa?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Ulikuwa unafanya kazi gani huko?"

"Dobi."

Akaniangalia kanzu juu mpaka chini. "Yaani miaka yote ulikuwa unatoa rangi kwenye nguo za watu. Haya, leo utaanza kuirudisha."

Tangu siku hiyo aliniita Dobi, na banda zima likamfuata. Kanzu ile ilipata tone la buluu kabla ya adhuhuri. Sikuivaa tena kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Marekani, ile pamba nyeupe isiyosafishwa, ilikuja kwa majora. Tuliiloweka usiku kucha ili wanga wa kiwandani utoke, tukaichemsha kwa magadi, kisha tukaizamisha ndani ya kostiki, hayo magadi makali ya dukani ambayo hula ngozi bila kuomba ruhusa. Glovu hatukuwa nazo. Tulijishonea mifuko ya mikono kwa mipira ya ndani ya matairi. Marekani ikiingia kwenye kostiki hujikunyata, uzi unanenepa, nguo inakuwa na mng'ao ambao haukuwepo. Halafu unaisuuza mpaka ulimi usisikie ukali kwenye maji. Ndiyo, tulionja. Ninyi mna karatasi za kupimia na mimi nazisifu, lakini Mzee alisema ulimi haujawahi kuisha stoo.

Baada ya hapo ndipo palikuwa na sharti lake. Nguo iliyotoka kwenye kostiki ilikaa ndani ya tangi la maji safi, imefunikwa magunia yaliyoloweshwa, mpaka zamu yake ya kuingia kwenye rangi ifike, hata kama ni siku tatu. "Isikauke," alisema. Hakueleza kwa nini. Nilipomuuliza alinijibu kwamba na yeye aliambiwa hivyo hivyo, na kwamba aliyemwambia alikuwa na bakora. Mimi dobi wa Kivinje kila nikipita kwenye tangi lile nilitamani kuitoa niianike. Nguo mbichi, siku tatu, kwenye joto la Lindi!

Rangi yenyewe ilikuwa ya unga, tukiikoroga kwenye maji ya moto na chumvi. Chumvi ndiyo inayoisukuma rangi itoke majini iende kwenye uzi. Ikipungua, rangi hubaki imekaa ndani ya pipa bila haraka yoyote. Kwa hiyo chumvi tuliipima kwenye mizani, na alama za mizani alizisoma Mzee peke yake. Kiwango cha rangi alikihakikisha kwa jicho: alichovya kipande, akakikamua pembe, akatoka nacho nje ya mlango, akakitazama kwa mwangaza. Sikuwahi kumwona akikosea.

Mchana tulikula kwake. Alipanga vyumba viwili nyuma ya soko, na mkewe, Mama Zuhura, aliniwekea sahani tangu wiki ya kwanza bila kuambiwa na mtu. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa huko bara. Aliniita mwanangu Bakari. Nikichelewa, alinifunikia chakula na kumkataza mumewe asikiguse. Siku za mwanzo nilijaribu kupeleka samaki au nazi, akanigombeza kwamba mtoto hapeleki posho kwa mama yake. Kwa miaka saba sikula chakula cha mchana peke yangu hata siku moja, ukiondoa Ramadhani, na Ramadhani nilifuturu kwao.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ilipoanza, tulipata kazi kubwa kuliko zote tulizozijua: sare za shule za vijiji vipya, buluu iliyokolea, majora arobaini. Siku ya kufungua kijiji cha kwanza ilikuwa imekwisha kupangwa, wageni wamealikwa. Rangi ilikuwa ya kutosha kazi hiyo tu. Nyingine ingengoja meli. Tukachemsha, tukazamisha, tukasuuza. Alhamisi jioni majora yote yalikuwa tangini. Ijumaa asubuhi Mzee akapata habari ya msiba Mingoyo.

"Dobi, mimi nazika, Jumatatu nipo," aliniambia. "Wewe angalia maji na magunia tu."

Aliondoka. Nilipofunua magunia baada ya sala ya Ijumaa, maji yalikuwa yameanza kunuka. Jambo la kufanya lilikuwa jepesi: kumwaga na kujaza mengine. Lakini nilisikia kabisa mkono wa baba yangu. Nikaona nitafanya vizuri zaidi. Nikafunga kamba, nikaanika majora ishirini juani, mengine nikayatandika juu ya bati ili yakauke upesi. Ishirini yaliyobaki yalikosa nafasi, basi nikayabadilishia maji tu. Jioni nikaanua. Yalikuwa makavu, yananukia jua, nikayakunja pembe kwa pembe. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilikaa nikayatazama, nikasema Mzee akiona atajifunza kitu kutoka Kilwa.

Jumapili usiku furaha ilinipungua. Nilikumbuka kwamba ameniambia kitu kimoja tu. Jumatatu alfajiri nikawahi kabla yake, nikayazamisha tena majora yale makavu upande wa kushoto wa tangi, nikafunika magunia. Maji ni maji, nilijiambia. Kilichokauka kikiloweshwa kimelowa. Mzee alipofika na macho mekundu ya msiba, nilimpa pole, tukaanza kazi. Ya kulia yakaingia pipa la kwanza, ya kushoto pipa la pili. Alipima chumvi, akachovya, akatazama. Mjue kwamba nguo mbichi huongopa. Ikiwa imelowa yote huonekana imekolea. Ukweli huusema kambani.

Jumatano tulianua. Majora ishirini yalikuwa buluu ya kupendeza. Ishirini yalikuwa yamepauka kama yamefuliwa mwaka mzima.

Meneja aliitwa. Alikuwa kijana msomi, si mtu mbaya, ila alikuwa na hofu ya wageni wake. Mzee Nampunga alikwenda kwenye pipa la pili, akateka maji kwa kopo, akayaangalia. Yalikuwa bado buluu nzito.

"Rangi ilitosha," alisema. "Rangi ipo hapa. Nguo ndiyo iliyoikataa." Kisha akanigeukia, mbele ya meneja na mafundi cherehani wote waliokuwa wakingoja kushona sare. "Dobi, majora haya yalikaa majini siku zote?"

Nikasema, "Yalikaa, Mzee."

Hilo ndilo jibu langu. Sikulipanga. Lilitoka haraka, na baada ya kutoka sikuweza kulirudisha, ingawa alinipa muda. Alisimama akiniangalia si kwa kunishuku, bali kama mtu anayehesabu kichwani. Aliniamini. Na kwa kuwa aliniamini, kilichobaki kwenye hesabu yake kilikuwa kimoja tu.

"Basi ni chumvi," alisema taratibu. "Nimesoma mizani vibaya."

"Macho, Mzee?" aliuliza meneja.

"Labda macho."

Nguo zilishonwa hivyo hivyo, kwa sababu rangi mpya haikuwepo na meneja alikataa kupoteza siku nyingine kurudia pipa la pili. Siku ya ufunguzi watoto walisimama mstarini mbele ya wageni, nusu wa buluu, nusu wa buluu iliyochoka, na mgeni mmoja akauliza kwa sauti kama hizo ni shule mbili. Mwezi haukwisha, Mzee akaambiwa kwamba ametumika vya kutosha, apumzike. Alipewa blanketi na barua nzuri. Hakubisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema mtu asiyeona alama za mizani hana haki ya kushika rangi ya wananchi.

Siku wanahama kurudi Mingoyo, Mama Zuhura alinipikia mara ya mwisho na akalia. Mumewe alinikabidhi kijiti chake cha kukorogea. Nilibeba vitanda vyao mpaka kwenye lori, nikapunga mkono. Nilikuwa na dakika nyingi za kusema, na sikusema.

Mchana wa siku iliyofuata nilinunua mihogo ya kukaanga, nikaila ndani ya banda nimesimama. Nimeendelea hivyo kwa miaka. Mnajua wenyewe, mlinitania kwamba Bwana Bakari anakula kama mlinzi. Mlidhani ni tabia.

Nilijidanganya kwa muda kwamba huenda ilikuwa chumvi kweli. Ningeweza kuendelea kujidanganya, lakini alikuja mtaalamu wa pamba kutoka Dar es Salaam kutufundisha, dada mmoja kijana, mpole, aliyevaa miwani na kuandika ubaoni kwa herufi ndogo sana. Alituambia kwamba uzi wa pamba, mwembamba vile, ndani yake una njia nyingi zisizoonekana kwa jicho. Maji huzifungua, na kostiki huzifungua zaidi. Rangi, au dawa yoyote, hupita kwenye njia hizo ikatafute pa kushika. Nguo ikikaushwa, hasa kwa jua kali au juu ya kitu cha moto, kuta za njia hizo hulaliana na kushikana zenyewe kwa zenyewe.

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani.

"Na ukiilowesha tena, mwalimu?"

"Zinafunguka, baba, lakini si zote. Nyingine zimeshashikana moja kwa moja. Pamba inakumbuka kwamba ilikauka."

Nilishukuru nikakaa. Sikusikia kitu kingine alichosema siku hiyo.

Nilifanya majaribio yangu mwenyewe Jumapili, banda likiwa tupu. Nilichana vipande sita vya marekani iliyotoka kwenye kostiki. Cha kwanza hakikukauka kamwe. Cha pili nilikianika kivulini, cha tatu juani, cha nne juu ya bati. Cha tano nilikikausha kwenye bati na kukilowesha mara tatu, cha sita mara saba. Nikavilowesha vyote, nikavitia pipa moja, rangi moja, chumvi moja. Vilipokauka vilishuka kimoja baada ya kingine, kutoka buluu ya kiza mpaka buluu hafifu. Nilirudia mara nne. Ndiyo vile vipande mlivyovikuta vimepigiliwa ukutani, na ndiyo sababu niliwapigia kelele juu ya magunia mabichi mpaka mkaniimbia wimbo. Imbeni, lakini magunia yawe mabichi. Na kama nguo imekaukia mikononi mwako, usiifiche ndani ya maji. Sema, itiwe pipa lake peke yake, iongezewe rangi na muda. Ni kosa linalotibika likisemwa kabla ya rangi.

Kutoka Lindi mpaka Mingoyo si safari. Gari likiondoka asubuhi umefika kabla chai haijapoa. Mimi nilitumia miaka tisa kufika, na miwili kati ya hiyo nilikuwa na vile vipande mkononi na ushahidi wote. Kwanza nilisema nangoja mvua zipite, kisha mavuno ya korosho, kisha Idi. Nilipokwenda ilikuwa siku ya kawaida tu, isiyo na sababu.

Walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa cha hapo hapo, nyumba ya tatu kutoka ghala. Mama Zuhura aliponiona alipiga kelele ya furaha. Alinishika mikono yote miwili, "Mwanangu Bakari! Ulikuwa wapi wewe?" akakimbia kupuliza moto. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka kamba. Kucha zake zilikuwa za kawaida. Tulisalimiana, tukaulizana wazima na wafu. Nikamuuliza kama anatia rangi, maana kaniki bado zilivaliwa pale.

"Aa, nimeacha. Wakati mwingine hata khanga sokoni namuuliza Mama Zuhura ni rangi gani. Naona, lakini siamini. Mtu ukishawaharibia watoto sare huwezi kuamini."

Nikatoa vipande sita vya jaribio moja, nimevichanganya. "Mzee, nipangie hivi. Kuanzia kilichokolea."

"Macho yangu yalikwisha, Dobi."

"Nipangie tu."

Alivichukua, akatoka navyo mlangoni kwenye mwangaza, kama zamani. Hakuchukua hata dakika tano. Viwili vya katikati, ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeviwekea alama ya uzi kwa nyuma kwa sababu vinanichanganya, alivitenganisha bila kugeuza. Vyote sita vilikuwa mahali pake. Nikamwambia hivyo, kisha nikamweleza kila kimoja kilikauka wapi na mara ngapi.

Alikuwa na akili nyepesi kuliko yangu siku zote.

"Kwa hiyo yale majora yalikauka."

"Yalikauka, Mzee."

"Na ukaniambia yalikaa majini."

"Nilikuambia hivyo. Niliyakausha mimi, Ijumaa, ukiwa msibani. Nilisema uongo. Nimekuja unihukumu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Nilikuwa nimeyangoja miaka mingi na nafikiri nilikuwa nayahitaji. Yeye alivitazama vile vipande tena, akavisogeza karibu, akavipeleka mbali, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Mama Zuhura!" aliita. "Njoo, mama! Hayakuwa macho! Chumvi niliipima sawa! Dobi ndiye aliyekausha nguo, macho yangu yalikuwa mazima!"

Alicheka mpaka akakohoa. Alisimama akaanza kutaja rangi za kila kitu kilichokuwa uani: ndoo ya kijani, jogoo mwekundu, khanga ya jirani kambani, zambarau na ukingo wa njano. Nilipoanza kuomba radhi alinipiga begani, "Yameisha, Dobi, yameisha, nimekusamehe," bila hata kuniangalia, akatoka na vipande vyake kwenda kumwonyesha jirani. Nilimsikia kule akieleza habari za chumvi.

Nikabaki na Mama Zuhura. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi.

"Siku aliyokuuliza," alisema, "mchana wake ulikuja kula kwangu?"

Nilikumbuka vizuri. "Nilikuja, mama."

"Na kesho yake?"

"Nilikuja."

Hakuuliza zaidi. Alirudi jikoni, akasonga ugali mpaka ukaiva, kwa sababu hakuna nyumba ya Mmwera inayomrudisha mtu na njaa. Aliniletea maji ya kunawa, akaweka ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi mbele yangu, akasimama hatua mbili nyuma, mikono ameikunja.

"Karibu chakula, mgeni," alisema.

Nilinawa nikala. Nilikula polepole nikamaliza mpaka tonge la mwisho, nikijua kwamba katika nyumba ile sitapikiwa tena.